Agosti imekauka Utange: nipande kunde au ningoje vuli?

SWALI: Assalaam aleikum mzee wetu. Nina shamba la robo ekari huku Utange, nyuma ya Shanzu: mchicha, kunde, minazi minane na kisima cha futi 40. Mwaka huu mchoo, ile mvua ndogo ya Agosti, haukuja. Agosti nzima simu inanichorea wingu lenye matone kila asubuhi, redio inasema manyunyu maeneo machache, nami natazama mbingu mpaka shingo inauma. Kisima kimeanza kuonja chumvi na fundi anataka kukiongeza futi kumi. Baba mkwe anasema nisihofu, kilimia, kile kikundi cha nyota, kilizama kwa jua. Je, hii ni dalili ya ukame? Nipande kunde sasa au ningoje vuli? Nimwamini nani? Na la mwisho, unisamehe: Jumamosi ya pili ya Septemba naoza binti yangu. Tuweke turubai au tukae wazi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu, na hongera ya arusi kabla sijasahau. Jibu fupi ni hili: kunde zingoje, fundi wa kisima mpe kikombe cha kahawa umuage kwa wema, na Agosti kavu peke yake haitoshi kuitwa dalili ya ukame. Sababu zake ni ndefu kidogo, basi kaa kitako.

Miaka yote niliyofanya kazi ya utabiri hapa Mombasa, swali hili lilikuwa halinikosi kila kipupwe kikielekea ukingoni. Ajabu ni kwamba Februari hakuna aulizaye. Februari yetu wastani wa mvua haufiki milimita 20 mwezi mzima, na watu wamekaa barazani wanajipepea. Wanajua ni kaskazi, jua ni haki yake. Agosti wastani wake ni kama milimita 65, mara tatu na zaidi ya Februari, na ndiyo inayoleta manung'uniko. Nadhani ni kwa kuwa inakuja nyuma ya mvua za mwaka, yaani masika. Mei peke yake kwa kawaida hupita milimita 200. Mtu bado ana matope kwenye ndara zake, mara anaona vumbi, anahisi ameibiwa.

Tena hizo 65 zenyewe haziji kwa adabu. Leo milimita moja, kesho mbili, siku tatu hakuna kitu, halafu alfajiri moja zinashuka kumi na tano kwa nusu saa watu wamelala. Mtaa uliokosa alfajiri hiyo umekosa karibu robo ya mwezi.

Wazee waliitenga mvua hii na ya mwaka na ya vuli wakaipa jina lake, mchoo, na walikuwa na haki, maana ina njia yake ya kunyesha. Kusi ya Agosti inatujia kutoka baharini, imesafiri juu ya maji siku nyingi, na mtu angedhani itafika imejaa mpaka kooni. Lakini bahari yenyewe wakati huu imepoa. Machi na Aprili uso wa maji hapa hufika nyuzi 29, Agosti huteremka hadi karibu 25, na maji yaliyopoa hayatoi mvuke kama ya moto. Juu zaidi, kama kilomita mbili kwenda angani, kuna tabaka la hewa kavu inayoshuka, limekaa kama kifuniko cha sufuria. Wingu linapanda, linagonga kifuniko, linatanda. Tumelelewa na msemo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Haya ya Agosti yatazame ubavuni, utaona ni mapana kuliko marefu na vichwa vimekatwa kama kwa kisu. Hayo ni mawingu ya kivuli.

Na upepo wenyewe ukishaingia Kenya unashika kasi. Kuna mto wa upepo mkali unaopita kilomita moja na nusu hivi juu ya mashariki ya nchi yetu, unapinda Somalia, unaelekea India. Mtaalamu aitwaye Findlater ndiye aliyeuandika kwa kina miaka ya 1960, na wenzangu wa fani bado wanauita kwa jina lake. Hewa inayokimbia mbio namna hiyo haikusanyiki, na isipokusanyika mvua kubwa haizaliwi. Unyevu mwingi unaopita juu ya minazi yako minane una safari ya India.

Basi mchoo unatoka wapi? Unatoka usiku. Nchi kavu ikipoa, umande, ule upepo mwembamba wa bara, unateremka kuelekea baharini na kukutana na kusi huko nje ya mwamba. Hewa inakosa pa kwenda ila juu, na vijiwingu vinapata nguvu ya saa chache. Kusi inavisukuma pwani kati ya saa tisa za usiku na saa tatu za asubuhi. Upana wa mvua moja ni mtaa, labda miwili. Nakumbuka asubuhi moja nikiwa kwenye matatu kutoka Kongowea, waipa zinakwenda mbio, makanga anafunga dirisha kwa gazeti. Tulipomaliza Daraja la Nyali, kule Buxton kulikuwa na mama anamwaga maji mbele ya kibanda chake kutuliza vumbi. Wewe unatazama mbingu mchana, mwanangu. Saa hizo mambo yamekwisha zamani.

Sasa simu. Programu nyingi za hali ya hewa hazina mtu ndani yake aliyewahi kuiona Utange. Zinachukua hesabu za mitambo mikubwa inayoigawa dunia nzima katika miraba. Ule wa Ulaya mraba wake una kama kilomita 9 kila upande, wa Marekani kama 13. Kisiwa chote cha Mombasa hakifiki kilomita za mraba 20. Kwa hiyo mraba mmoja unameza kisiwa, unameza kipande cha Kisauni na Likoni, na bado una nafasi ya kumeza bahari. Mtambo unajiuliza kama ndani ya mraba huu asubuhi hii patadondoka chochote. Karibu kila siku ya kusi jibu ni ndiyo, mahali fulani, milimita moja. Basi unachorewa wingu na matone, wewe na samaki wa Shanzu picha moja.

Ukitaka simu ikufae, acha picha. Bonyeza juu yake mpaka uone milimita. Chini ya moja, vumbi halilali. Moja hadi tano, fua nguo mchana usifue asubuhi. Kumi kwenda juu kwa siku mbili mfululizo, hapo ndipo mkulima anasimama kusikiliza.

Redio nayo nitaitetea kidogo, maana ilikuwa ugali wangu. Maneno yake yana vipimo. Idara ya Hali ya Hewa ikisema "maeneo machache" inamaanisha chini ya theluthi moja ya eneo. "Maeneo kadhaa" ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili. "Maeneo mengi" ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo manyunyu ya asubuhi maeneo machache ni kusema kwamba katika kila mitaa kumi, saba au zaidi itabaki kavu. Tuseme kila siku unalowa mtaa mmoja katika mitano: kwa hesabu rahisi, mmoja kati ya kila watu watano atapitisha wiki nzima bila tone, na utabiri ukawa umesema kweli siku zote saba. Ndiye wewe.

Hata mimi niliwahi kuponzwa na maneno hayo hayo. Mwaka mmoja nilimwambia shemeji yangu wa Jomvu aanike mbata zake, zile nazi za kukausha, bila wasiwasi, kwa sababu karatasi mbele yangu ilisema maeneo machache, na mimi kwa kiburi cha ujana nikasoma "machache" kama "hakuna". Alfajiri mvua ya dakika ishirini ikashuka Jomvu, na Jomvu tu. Mbata ziliota ukungu. Mpaka leo tukikutana mazishini au arusini hunisalimia, "Habari za maeneo machache?"

Kwa nini basi usipande kunde ukapata hata hicho kidogo? Kwa sababu mchoo ni mvua ya bati. Ardhi iliyolowa, jua na kusi kwa pamoja huinyonya kama milimita nne hadi tano kwa siku. Milimita mbili za alfajiri zinalowesha majani, zinalaza vumbi, na kabla ya adhuhuri zimerudi angani. Mzizi haukupata habari. Mbaya zaidi, zinatosha kuiamsha mbegu na hazitoshi kuilea. Mbegu iliyochipua ikakauka ni hasara mara mbili, umepoteza mbegu na umepoteza ile ambayo ungepanda Oktoba.

Lakini tazama milimita hizo hizo juu ya paa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita sita kwa kumi ina paa la mita 60 za mraba, kwa hivyo milimita tano ni lita 300. Toa zilizoruka na zilizoloweka bati, zinabaki kama 240. Hiyo ni mitungi kumi na miwili ya lita 20, alfajiri moja, ambayo hukumlipa mwenye mkokoteni. Nimepita Utange mara nyingi na naona mabati mazuri, mengine mapya yanayong'aa, na maji yanatiririka kutoka kingoni yakichimba mfereji ukutani. Weka gata, hata la upande mmoja wa nyumba. Maji ya dakika za kwanza yaache yamwagike, yamebeba vinyesi vya ndege na chumvi ya upepo wa bahari, kisha elekeza mengine kwenye pipa. Kama paa lako ni la makuti, samahani, makuti hunywa kwanza.

Na utengeneze kipimo chako mwenyewe. Tafuta kopo la maziwa ya unga lililonyooka toka juu hadi chini, liweke mahali wazi, mbali na mnazi na ukingo wa paa, ulizungushie mawe matatu lisiangushwe na kuku. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya hali ya hewa hupima, tia rula ndani, soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Kituo rasmi cha uwanja wa ndege kiko Port Reitz, na Port Reitz si Utange. Baada ya mwaka mmoja daftari lako litajua mambo ya shamba lako ambayo mimi sitayajua kamwe. Hivyo ndivyo ninavyojibu swali la umwamini nani.

Kisima ni kesi nyingine, na hakina ugomvi na Agosti. Huko kwenu chini ni jiwe la matumbawe ya kale, ndugu wa lile linalochimbwa Bamburi kwa saruji, limejaa matundu kama sifongo. Mvua iliyopenya humo haikai kama maji ndani ya beseni. Inaelea. Maji ya bahari yanaingia kwa chini, kutoka ufuoni na kutoka mkono wa bahari wa Mtwapa, na maji matamu kwa kuwa ni mepesi yanakaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, ila tabaka lake ni nene zaidi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inazuia chini yake futi kama 40 za chumvi zisipande. Sasa igeuze: ukivuta mpaka uso wa maji ukashuka nusu futi, chumvi inajongea futi 20 kwenda juu. Haifanyi hivyo usiku mmoja, lakini inafanya.

Ndiyo maana nasema fundi umuage. Bara kisima kikipungua wanachimba, na wanapata. Kwetu kukiongeza futi kumi ni kuifuata chumvi ilipo. Fanya kinyume: chota kidogo kidogo, asubuhi ndoo zako, jioni ndoo zako, katikati kiache kipumue. Kama kuna jirani aliyeweka pampu ya umeme inayojaza matangi ya kuuza, hiyo ndiyo habari ya kisima chako kuliko mawingu yote ya Agosti, na ni jambo la kuzungumza barazani kabla halijawa ugomvi. Kisima chako kinajazwa hasa na mvua za mwaka, Aprili hadi Juni. Jiulize zilikuwaje mwaka huu. Kama zilikuwa nzuri na bado chumvi imeingia Agosti, mkono wa binadamu umo.

Mchicha ukiumwagilia maji yenye chumvi kidogo, mwagilia kwa wingi kila baada ya siku mbili tatu, uzamishe chumvi chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kila siku kunaiacha juu, na utaiona nyeupe udongoni. Lenga shina, usilenge majani. Minazi usiihurumie, hiyo imezaliwa na chumvi.

Hukuniuliza bomba, lakini wengi hulichanganya na mvua ya hapa. Maji ya bomba ya Mombasa hayatoki Mombasa. Sehemu yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, na chemchemi hizo zinalishwa na mvua iliyozama kwenye mawe ya volkano ya milima ya Chyulu. Sehemu yanatoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, ambao juu huko ndio Athi, unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Mchoo ukikosa Utange, Mzima haina habari.

Tuje kwenye vuli, ambako hofu yako ina haki ya kukaa. Agosti kavu haikuambii Oktoba itakuwaje. Kinachosema zaidi ni bahari, na si yetu peke yake. Bahari ya Hindi ina pande mbili kama mizani: upande wetu, na upande wa Sumatra na Indonesia. Mwaka ambao upande wetu una joto kuliko kawaida na wa kule umepoa, hewa inapanda kwetu na vuli inamwagika. Mwaka ambao mizani imelalia kule, mawingu yanahamia kule. Wataalamu wanaita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1997, 2006 na 2019 mizani ililalia kwetu, na watu wa Pwani hawahitaji kukumbushwa. Mwaka 2010, 2016 na 2022 ililalia kule, na vuli ikawa ya machozi.

Watu wetu mvua kubwa yoyote wanaiita elnino, hata ya saa mbili. Elnino ya kweli ni joto la Bahari ya Pasifiki, na inatusaidia zaidi inapokwenda pamoja na mizani yetu. Mwaka 2015 joto la Pasifiki lilikuwa kubwa sawa na la 1997, nchi nzima ikajiandaa kwa gharika, na vuli iliyokuja haikufika hata karibu na ile ya 1997. Mwaka 2023 vyote viwili vilikutana, na Novemba ile Mombasa ilifurika.

Heri yetu ni kwamba vuli inatabirika kuliko mvua za mwaka, kwa sababu mizani hiyo huanza kuinama mapema, Julai na Agosti, na ikishainama haigeuki kwa haraka. Kila mwisho wa Agosti hivi wataalamu wa ukanda wetu hukutana chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha nchi za IGAD kilichoko Ngong, wakatoa ramani ya Oktoba hadi Disemba. Baada yake Idara ya Hali ya Hewa Kenya hutoa yake, na ndani yake tafuta kipande cha Pwani. Usikome kwenye kichwa cha habari.

Utakuta tarakimu tatu za asilimia. Tuseme, kwa mfano tu: chini ya wastani 45, wastani 35, juu ya wastani 20. Redioni itasikika kama "ukame unakuja". Soma tena: katika vuli mia za namna hiyo, 45 zitakuwa pungufu, na 55 zitakuwa za kawaida au nzuri. Bila kujua lolote kila kundi lingepata 33. Kwa hiyo ni onyo la kukufanya upande nusu, uongeze muhogo, na usikope pesa ya mbegu. Halitoshi kukufanya uuze jembe. Ikiwa ni kinyume chake, upande wa juu una 45, panda kote, ila fukua mtaro kwanza.

Baba mkwe mpe salamu zangu, na usimcheke. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wazee walisema, na walisema kwa mpangilio. Kilimia huzama magharibi mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, hupotea machoni kama siku 40, kisha huzuka alfajiri ya Juni. Msemo unahusu mwanzo na mwisho wa mvua za mwaka. Juni imekwisha pita, ahadi ya kilimia imekwisha timizwa au kuvunjwa. Kuivuta mpaka Agosti ni kudai deni lililofungwa. Manahodha wetu walikuwa waangalifu zaidi ya hapo. Walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na kila mwongo wakajua upepo wake. Hunifurahisha kwamba taarifa za kisasa za hali ya hewa kwa wakulima nazo hutolewa kwa siku kumi kumi.

Kuhusu siku ya kupanda nitakupa kanuni moja. Vuli Pwani aghalabu huanza Oktoba, demani ikishatulia na upepo ukianza kuyumba. Usipande kwa mvua ya kwanza. Ngoja kopo lako lisome jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili au tatu. Kisha chukua jembe, fukua shubiri moja. Udongo wa chini ukifinyangika mkononi bila kumeguka, angalia utabiri wa siku saba. Kama kuna mvua nyingine ndani yake, panda siku hiyo hiyo. Kama juu ni tope na chini ni unga, rudi nyumbani. Oktoba hadi Disemba kwa wastani hutoa zaidi kidogo ya milimita 250 tu, kwa hivyo chagua vya haraka: kunde za majani, pojo. Mahindi yaache mpaka mvua za mwaka, yana tamaa. Wakati huu wa kungoja, leta samadi na utandaze makuti yaliyooza juu ya matuta. Jua litanyonya maji kidogo.

Vuli nayo ikikosa, ndipo uje tuhofu pamoja, kwa sababu baada yake ni kaskazi, na kaskazi haina mchoo. Itakuwa Januari, Februari na nusu ya Machi kwa maji ya pipa. Na kama una ndugu Kinango au Ganze, kumbuka wao hata mchoo hauwafiki, huishia ukanda wa minazi. Kwao vuli ikikosa ni mifugo, na ndio wa kupigiwa simu kwanza.

Arusi. Weka turubai, lakini usiliweke kwa ajili ya wageni. Wageni watakuja baada ya adhuhuri, na Septemba mapema mvua ya asubuhi wakati huo imekwisha. Liweke juu ya wapishi. Wao watakoka moto saa kumi za alfajiri, na hiyo ndiyo saa yenyewe ya manyunyu. Kuni ziingie ndani tangu Ijumaa jioni, na sufuria za pilau zisifunuliwe ovyo kabla ya saa tatu.